Pampu ya Hawe Kadzo

Malindi, baada ya Magharibi

Kwa mwanangu Maimuna,

Asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo mwanangu? U mzima? Kile kikohozi cha juzi kimepungua? Najua utacheka, kwa sababu wakati ninapoandika haya wewe uko chumba cha pili unapanga nguo, na nakusikia ukikohoa na kugombana na zipu ya begi. Lakini barua hii utaisoma ukiwa Eldoret, na huko sitakusikia. Kwa hivyo nakujulia hali tangu sasa, ufike uikute salamu yangu inakungoja. Mimi mamako ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa lile goti la kushoto unalolijua.

Sitakuandikia habari za kula wala za kuvaa sweta wala za kuswali kwa wakati. Hayo nimekwambia mpaka umenikata jicho, na shangazi zako watakuongezea kesho asubuhi utake usitake. Nataka kukuandikia habari za gari.

Watu wa mtaani wanasema gari letu lilipona kwa bahati. Ami yako Twalibu anasema lilipona kwa ukaidi wangu. Wewe ulikuwepo siku lilipokufa, na ulikuwepo siku lilipofufuka, lakini ya katikati mengi sikukwambia, mengine kwa haya na mengine kwa hasira. Nataka uyajue. Gari hilo ndilo limekufungulia njia ya chuo, na kidogo tu njia hiyo ingefungwa.

Babako, Mungu amrehemu, alinifundisha kuliendesha uwanja wa mpira, alfajiri kabla watu hawajatoka. Mimi na buibui langu nimeshika usukani kama mtu aliyeshika mbuzi wa kuchinja. Akiniambia, "Usiliogope. Gari linajua ukiliogopa." Alipofariki, nikiwa bado ndani ya eda, ami yako alikuja akasimama nje ya pazia akasema, "Shemeji, ufunguo wa gari nitauweka mimi mpaka tuone mambo yatakavyokwenda." Nikamjibu kutoka ndani, "Ufunguo uko chini ya mto, shemeji, na mto uko chini ya kichwa changu." Akaondoka. Hakurudi siku hiyo, lakini nilijua atarudi.

Nilipotoka eda nikaliendesha. Nilikwenda Marafa kuchukua maembe, Tezo kuchukua mboga, na pakiwa na harusi nikibeba masufuria ya biriani na majamvi. Wanaume waliokaa barazani walikuwa wakinihesabia mara ngapi injini imezimika kabla sijaondoka. Siku moja mmoja akaniita, "Mama Maimuna, umesahau kumvua buibui huyo dereva!" Nikamwambia, "Dereva hulipwa kwa kufika, hatazamwi nguo." Hayo unayajua. Ninachotaka ujue ni maji.

Babako alikuwa na mtungi wake wa maji ya gari. Aliyakinga ya mvua, na mvua ikikosekana aliyachota bombani, tena wakati ambapo sisi hapa ndani tulikuwa tukioga maji ya chumvi ya kisima ili yale matamu yabaki ya kunywa na kupikia. Mimi nilikuwa nikinung'unika. Nikimwambia, "Gari linakunywa maji matamu kuliko wanao?" Akicheka tu. Hakunieleza sababu, na mimi sikuuliza. Tulikuwa mke na mume miaka yote hiyo, na jambo la maji ya gari halikupata nafasi ya kuzungumzwa.

Basi alipoondoka, mtungi ukaisha, bomba likawa halitoki wiki nzima, na mimi nikaona kisima cha msikiti kiko hapa hapa ukutani kwetu. Nikasema, maji ya nyumba ya Mungu, watu wanatilia udhu, yana baraka gani! Nikawa nachota humo. Kila nikimimina ndani ya rejeta nasema Bismillahi, na moyo wangu unatulia. Nilijiona nimefanya jambo la kheri, hata nikawa nawaambia wenzangu.

Na gari likaanza kuniambia. Mshale wa joto ukawa unapanda nikifika kilima, kisha ukawa unapanda hata barabara ikiwa tambarare. Unajua nilifanya nini? Niliugonga kwa kidole. Niligonga kioo nikauambia, "Nawe, acha uongo." Ukishuka kidogo nasema alhamdulillahi, naendelea na safari.

Siku ya Tezo ulikuwa kando yangu. Nyuma tumepakia masufuria ya harusi ya watu wa Kilifi, na mamake bibi harusi anatupigia simu kila mara kuuliza tumefika wapi. Mvuke ukafumka kwenye boneti tusione mbele. Wewe ukapiga kelele, "Mama, zima!" Nikazima. Ukaniambia tusifungue kifuniko cha rejeta mpaka kipoe, na mimi kwa haraka yangu nikakitia mkono na leso. Hii alama iliyo kwenye kiwiko ni ya pale. Watu wa Tezo Mungu awalipe, walitoka na bodaboda wakabeba masufuria moja moja mgongoni kwa abiria. Ulicheka mpaka ukakaa chini ulipomwona yule mzee aliyevikwa sufuria kubwa kichwani kama askari. Harusi ikala. Gari likavutwa kwa kamba mpaka Kibarani, kwa fundi Kahindi.

Wewe ulirudi Malindi na shangazi yako. Kwa hivyo haya yanayofuata hukuyaona.

Kahindi aliifungua pampu ya maji. Kazi yake pampu ile ni kuyazungusha maji ndani ya injini ili yaipoze, na ndani ina kigurudumu chenye mabawa ambacho ndicho kinachoyasukuma. Alikitoa akakiweka kiganjani mwangu. Mabawa hayakuwepo. Yalikuwa yameliwa, yamebaki meno meno kama ukingo wa mkate uliopitiwa na panya. Kahindi akachovya kidole kwenye maji yaliyobaki, akayaonja, akatema.

"Mama, hii ni bahari. Unachota wapi?"

Nikampandishia sauti. "Bahari? Hayo ni maji ya msikiti!"

Kahindi ni Mkristo, ni mtu wa adabu sana, alifuta mikono kwanza ndipo akanijibu. "Ya msikiti ni ya udhu, mama. Injini haiswali."

Mwanangu, nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilicheka, kisha nikakaa juu ya gurudumu kuukuu nikalia, mbele ya watu, kwa sababu nilimkumbuka babako na mtungi wake. Dua nilisoma kila asubuhi, na sijutii hata moja. Lakini kuyaonja yale maji ilikuwa kazi yangu mimi, na ilikuwa kazi ndogo, na sikuifanya. Nimekuwa nikiliwaza jambo hilo tangu siku ile. Nilimwachia Mungu kitu ambacho alikuwa ameshanipa ulimi wa kukifanya.

Basi nikasema haidhuru, pampu ni kitu cha dukani. Hapo ndipo nilipojua kumbe hakuna. Duka la spea la Kilifi wakasema meli zimechelewa. La Malindi wakasema kontena zimekwama, njoo mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi wakasema njoo mwezi ujao. Nikampigia binamu yangu wa Mombasa akazunguka jua lote, akaniambia mafundi wenyewe wamepanga foleni, na pampu za magari ya kizamani kama letu zikija zinakwisha zikiwa bado kwenye boksi. Muuza duka mmoja hapa Malindi, kijana mwenye ndevu za mpango, aliniambia, "Mama, kwa gari hili si ungoje Kiyama?" Nikamwambia, "Nitangoja, na nikikukuta huko nitakuuliza pampu yangu."

Kahindi akajaribu hila. Alikata kifuniko cha sufuria akachonga mabawa akayachomelea. Tukajaza maji, matamu safari hii, tukawasha. Pampu ikazunguka vizuri. Nikaondoka Kibarani nimeinua kichwa, nikapiga na honi. Sikufika mbali. Nilisikia kitu kinasaga ndani kama mtu anayetafuna kokoto, nikazima mwenyewe kabla mshale haujapanda. Kahindi akaja na kamba. Mimi nikamwambia, "Fundi, angalau sufuria lile sasa lina historia." Akacheka, maskini. Lakini njiani tukivutwa sikuwa nacheka. Maembe ya Marafa yalikuwa yanaiva mitini, wakulima wananipigia simu, na nilijua msimu ukipita hivi, chuo chako kitapita nao.

Ndipo ami yako alipokuja. Nataka nimtendee haki, hakuja kwa ubaya. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, anaogopa watu watasema ameacha mjane wa nduguye anavutwa na kamba barabarani. Lakini alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, na mtu yule alikuwa amebeba mizani yake begani kabisa.

Ami yako akakaa, akanywa kahawa, akasema, "Shemeji, tuseme kweli. Gari hili limekufa. Na maiti haicheleweshwi kuzikwa."

Nikamwambia, "Maiti huoshwa kwanza, shemeji. Mwoshaji ni mimi, na bado sijaona dalili za kifo."

"Spea hakuna nchi nzima."

"Nchi ni kubwa. Umeiuliza yote?"

"Na wewe ni mwanamke," akasema, si kwa sauti kubwa.

"Hilo najua tangu zamani. Pampu haikuharibika kwa hilo."

Yule wa mizani akaanza kutazama miguu yake na mlango. Nikamwambia, "Kaka, kahawa umekunywa, karibu tena siku nyingine bila chuma chako." Akaondoka. Ami yako akabaki kidogo akaniambia maneno ambayo ndiyo yalinikata. Alisema, "Uza, umsomeshe mtoto mwaka mmoja. Mwaka wa pili Mungu mkubwa." Nilikesha nayo. Kwa sababu yalikuwa na akili. Mwaka mmoja si haba. Lakini nikajiuliza, na mwaka wa pili tukiwa hatuna gari na hatuna msimu, tutamwambia nani arudi nyumbani? Ni wewe.

Na wewe ukaja ukanimaliza. Unakumbuka tulivyokuwa tunakula ugali na samaki wa nazi, ukasema bila kuinua uso, "Mama, mimi naweza kungoja. Nibaki nikusaidie sokoni mpaka mambo yatengemae." Nilikupigia kelele. Nilisema, "Wewe si spea ya nyumba hii! Hutoki mahali pako kwenda kuziba tundu langu!" Ukaondoka mezani na chakula hukukimaliza. Kelele zile nakuomba radhi, maana ulikuwa umenipa kitu kikubwa na mimi nikakurushia usoni. Lakini maneno yenyewe siyarudishi. Nayasema tena leo bila kelele. Huko uendako watakuja watu, wengine ni wetu wa damu, wakuombe uache masomo kidogo tu, kwa sababu fulani anaumwa au fulani anamwoza mtoto au mama amechoka. Wajibu kwa adabu, kisha urudi darasani. Na mimi nikiwa mmoja wao, nijibu mimi pia hivyo hivyo.

Siku iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda Marafa. Mimi, na goti hili, na buibui limefungwa fundo lisiingie kwenye gurudumu. Nilikwenda kuwaomba wakulima wanisubiri. Mmoja wao, Mzee Karisa, yule mwenye maembe ya ngowe, akanisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Lakini gari kama lako lipo hapa. Si lile la hawe Kadzo, lililofugiwa kuku?"

Hawe ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Na hilo gari, wallahi, nilikuwa nikilipita kila msimu. Liko nyuma ya ua wa makuti, limezama kwenye mchanga mwekundu, milango imefungwa kwa kamba. Rangi nyingine, lakini ni pikapu ndugu ya letu, mama mmoja baba mmoja. Macho yangu yalikuwa barabarani, sikuwahi kuligeukia.

Hawe Kadzo nilimkuta anapeta mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda. Nikamweleza. Hakuacha kupeta.

"Gari la mume wangu haliuzwi."

"Sikuja kununua gari, hawe. Ni kipande kimoja tu, hata hakionekani kwa nje."

Akaweka ungo chini. "Wewe una mume?"

"Alifariki."

"Basi mimi nikija kwako nikwambie niuzie kidole chake kimoja, hata hakionekani, utaniuzia?"

Hapo nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na kingine. Nikamwambia habari za ufunguo chini ya mto, na mtu wa mizani, na maji ya msikiti, na wewe. Nilipofika kwa Kahindi na injini isiyoswali, alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Akasema wanawe nao wamemletea watu wa vyuma chakavu, si mara moja. "Wananiambia nimerukwa na akili, nafuga kuku ndani ya gari."

"Na mimi wananiambia hivyo hivyo, hawe, bila hata ya kuku."

Akasema, "Siuzi. Lakini nitakuazima. Chukua, utumie mpaka ya kwako ije, kisha unirudishie. Mjukuu wangu anasomea ufundi. Siku akija kuliwasha asikute pengo."

Nikaapa, "Wallahi nitarudisha."

"Mimi kiapo chako sikijui. Niambie tu kwa mdomo kwamba utarudisha."

"Nitarudisha, hawe."

"Haya. Sasa twende ukaone tatizo."

Akafungua boneti. Na hapo, mwanangu, ubavuni mwa injini, mahali pale pale ambapo mkono wa fundi ungepita kuifikia pampu, palikuwa na kuku mwekundu ameatamia. Alitutolea jicho moja. Hawe Kadzo akasema, "Spea nimekubali. Kuku wangu simwamshi. Akiangua, njoo."

Nikarudi Kibarani nikamwambia Kahindi. Akaacha spana akashika kiuno. "Kwa hivyo mama tunangoja meli na tunangoja kuku, tuone nani atatia nanga kwanza."

Usione ninacheka nikiandika ukadhani nilicheka siku zile. Nilikodi mkokoteni nikawa nauza sokoni kile kidogo kilicholetwa na bodaboda, nisipoteze wateja. Ami yako alikuwa akipita akiniuliza, "Vipi shemeji, kuku hajambo?" na barazani wote wanaangua kicheko. Nikimjibu, "Hajambo, anakusalimu." Jioni nikiingia ndani naifunga milango, nakaa juu ya mswala muda mrefu baada ya sala. Sikuwa naomba pampu. Nilikuwa naomba nisije nikaamka asubuhi moja nimechoka nikamwita yule mtu wa mizani mwenyewe. Hilo ndilo nililoliogopa, na hakuna aliyelijua. Watu wanadhani mkaidi haogopi. Mimi nilikuwa naogopa kila siku, halafu nasukuma mkokoteni.

Mzee Karisa ndiye aliyepiga simu. "Mama, vifaranga vimetoka. Hawe anasema njoo na fundi, na uje na mtama wa mama yao."

Nilikwenda na Kahindi na mtama. Ile pampu ilikuwa nzima, imejaa vumbi na manyoya, lakini mabawa yake yote yapo. Bara kule mume wa hawe hakuwahi kuijua chumvi. Kahindi akaisafisha, akabadilisha mpira, akakata gasketi ya karatasi ngumu kwa mkasi. Siku tuliyowasha ulikuwepo. Ulisimama mbele ya boneti umekunja mikono kama babako, macho kwenye rejeta. Mimi nilikuwa ndani natazama mshale. Ukapanda mpaka nusu, ukatulia. Ukakaa pale. Nikakuona unacheka peke yako kupitia kioo, na nikajua kuwa tumepita.

Maembe ya mwisho tuliyawahi. Yaliyobaki unayajua, maana ndiyo yamekufikisha kwenye hilo begi lisilofungika.

Sasa nikwambie la leo, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mchana, wewe ukiwa umekwenda kuagana na rafiki zako, duka la spea wamenipigia. Pampu mpya imekuja. Nimekwenda kuichukua kwa yule yule mwenye ndevu, nikamwambia, "Umeona, hata Kiyama hatukukifikia." Kahindi alikuja mwenyewe mpaka hapa akaifunga kabla ya Asri. Ile ya hawe Kadzo ameitoa, ameisugua kwa brashi mpaka inang'aa, na mimi nimeifunga ndani ya leso yangu mpya, ile yenye michoro ya korosho, ambayo nayo nitamwachia hawe.

Ami yako alikuwepo akitazama. Akaniuliza, "Unaipeleka wapi?"

"Marafa."

"Shemeji! Unakwenda mpaka Marafa kurudisha chuma kwenye gari ambalo halitembei? Kwa faida ya nani, ya kuku?"

"Ya kuku, shemeji. Na ya mjukuu wa hawe. Na ya mdomo wangu."

Akatikisa kichwa. Akasema akiba ni akiba, iweke, ikiharibika hii mpya utafanya nini, spea zikikosekana tena utalia kwa nani. Na ana haki, zitakosekana tena. Duka wameniambia hii ilikuja peke yake. Mwenye akili ya hesabu angeiweka kabatini. Nami nakwambia wewe, mwanangu, hivi: siiweki. Walinitaka niuze nikakataa, wewe ulitaka kubaki nikakataa, na hili pia nalikataa. Nilishinda kwa sababu mwanamke mmoja niliyekuwa nampita bila kumwona aliniamini neno tupu, bila kiapo. Nikilivunja hilo nitakuwa nimeliuza gari, hata likiwa limesimama mlangoni.

Kwa hivyo kesho ukiingia ndani ya gari utakuta kitu kimefungwa leso kwenye kiti cha katikati, na sitakwambia ni nini mpaka uisome hii. Kitakaa baina yetu mpaka stendi. Wewe utashuka, shangazi zako watalia, mimi nitajaribu nisilie. Basi lako likiondoka nitageuza gari nipande Marafa, na Kahindi ananingoja njiani, nikairudishe pampu mahali pake, mbele ya macho ya hawe na kuku wake. Nikishamaliza nitakuwa sidaiwi neno na mtu yeyote chini ya jua, na wewe utakuwa uko safarini. Siku nzuri kama hiyo sijapata tangu babako alipotutoka.

La mwisho. Huko Eldoret kutakuwa na siku ambazo mshale wako utapanda. Mtihani, baridi, watu wanaokucheka unavyosema, upweke wa Ijumaa. Usiugonge kioo ukauambia unasema uongo, kama nilivyofanya mimi. Simama kando ya njia, usifungue chochote kwa pupa, ngoja upoe, uniambie. Sitakukaripia. Na sitakwambia urudi nyumbani. Nitakuja na maji matamu.

Sala ya Isha imeadhiniwa na zipu yako naisikia imekubali. Barua hii naitia chini kabisa ya begi, chini ya sweta, ili usiione mpaka ufike.

Mungu akuhifadhi uendako na akurudishe salama. Ukifika, ukishaipata hii, tafadhali nijibu upesi. Nitakaa nikiingoja.

Mimi mamako,
Mama Maimuna